Kipeperushi cha kurasa sita: jinsi ya kuwajulisha wenzetu programu huru za ofisi



Katika kamati nyingi za amani tunazofanya nazo kazi huku Kivu, kompyuta ya ofisi ni moja tu. Programu zilizomo zilinakiliwa kutoka kwenye flashi ya mtu fulani, ambaye naye alizinakili kwa mwingine. Hakuna aliyezinunua, hakuna anayejua zilitoka wapi, na mara kwa mara kompyuta inaandika kwenye kioo kwamba nakala hii si halali. Sekretari anabonyeza, ujumbe unaondoka, kazi inaendelea. Tumezoea.

Kisa kimoja kilitufanya tuache kuzoea. Kamati mbili za upatanishi, kila moja upande wake wa mto, zilikuwa zimekubaliana juu ya mpaka wa mashamba baada ya mazungumzo ya miezi mingi. Mapatano yaliandikwa kwa kompyuta, kurasa nne, na jedwali la viwanja kwenye ukurasa wa tatu. Watu wakatia mkono. Baadaye kamati ya pili ilitaka nakala yake, ikapewa faili kwenye flashi, ikaifungua katika kompyuta yake yenye programu nyingine, ikachapisha. Jedwali lilikuwa limesogea. Mstari wa mwisho uliangukia ukurasa wa nne, na nafasi ya sahihi ikahamia ukurasa wa tano. Mzee mmoja akahesabu kurasa, akauliza: “Sisi tulitia mkono kwenye kurasa nne. Huu wa tano umetoka wapi?”

Hakuna aliyeghushi kitu. Aina ya herufi iliyotumika katika kompyuta ya kwanza haikuwemo katika ya pili, na kompyuta ikaweka nyingine yenye herufi pana kidogo. Lakini mweleze hivyo mtu ambaye baba yake alipoteza shamba kwa sababu ya karatasi! Siku kadhaa zilipita kabla ya pande zote mbili kukubali kukaa tena.

Ndipo tulipoamua kwamba kamati zote zitumie programu moja ya ofisi, isiyo na gharama ya leseni, ambayo kila mmoja anaweza kuipata kwa njia ya halali. Na ili kuwaeleza wenzetu, tulihitaji kipeperushi, au depliyani kama wengi wetu tunavyoita. Tulidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilituchukua majaribio matatu. Makala hii inaeleza tulivyofanya, pamoja na makosa yetu, kwa faida ya kamati nyingine inayotaka kutengeneza cha kwake.

Programu tunayoitangaza

Kabla ya kutangaza kitu sharti ukijue. Programu yenyewe inaitwa LibreOffice. Ndani yake mna Writer ya kuandika barua na ripoti, Calc ya majedwali ya hesabu, Impress ya kuonyesha picha na maandishi ukutani wakati wa mafunzo, Draw ya kuchora na kupanga kurasa, Base ya kutunza orodha kubwa, na Math ya kanuni za hesabu.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Ilianza Ujerumani, katika kampuni ya StarDivision ambayo kijana Marco Börries aliianzisha mwaka 1985. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wa programu hiyo kwa watu wote. Hapo ndipo lilipotoka jina OpenOffice.org, ambalo toleo lake la kwanza kamili lilitolewa mwaka 2002. Sun iliponunuliwa na Oracle mwaka 2010, watengenezaji wengi walikuwa na wasiwasi, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo wakaanzisha taasisi yao, The Document Foundation, na kuiendeleza kazi kwa jina la LibreOffice. OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa taasisi ya Apache mwaka 2011. Bado ipo, lakini matengenezo yake yamekuwa machache. Kwa hiyo katika kipeperushi tumetaja LibreOffice peke yake. Majina mawili yanawachanganya watu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo sehemu yetu katika historia hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Ilibidi watafute neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Tumeliweka jambo hili katika kipeperushi kwa mstari mmoja tu, kwa sababu msomaji akiona kwamba lugha yake imewahi kuingia ndani ya programu hiyo, haioni tena kuwa kitu cha wageni.

Mstari mwingine tulioweka ni wa ofisi kubwa zinazoitumia. Jandarma ya Ufaransa ilianza kuhamia OpenOffice mwaka 2005. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake kwenda LibreOffice. Mifano hiyo miwili inatosha. Watu wanataka kujua kwamba si mchezo wa vijana, basi.

Huru au bure?

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Kichwa cha kipeperushi chetu cha kwanza kilisema: “Programu ya bure kwa ofisi yako.” Tulikipeleka kwa mama mmoja mwenye sekretariati ya barabarani, anayewapigia watu barua na kufanya fotokopi. Alikisoma, akacheka. “Cha bure ni cha bure,” akasema.

Ana haki. Katika Kiswahili neno bure lina pande mbili: kisicholipiwa, na kisicho na maana. Mtu aliyejisumbua bure hakupata kitu. Kifaransa kinatenganisha gratuit na libre, nasi tuna neno huru kwa hilo la pili. Lakini huru nalo lina uzito wake huku kwetu. Wengine walipoona “programu huru” walifikiri ni ya chama cha siasa, au ya upinzani.

Suluhisho tulilopata ni kutotegemea neno moja. Tuliandika huru, kisha mara moja tukaeleza kwa mfano wa vipandikizi vya muhogo. Jirani akikupa vipandikizi, unavipanda, unakula muhogo, na mwaka unaofuata unakata vipandikizi vyako na kumpa mwingine. Hakuna anayekuja kukudai. Ukiona kwamba katika udongo wako ni afadhali kuvipanda kwa namna nyingine, unafanya hivyo. Programu huru ni hivyohivyo: unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili na kumpa mwenzako, na anayejua kazi anaruhusiwa kutazama ndani yake na kuibadilisha. Programu ya kununua ni kama mbegu ambayo muuzaji amekuwekea sharti usiipande tena.

Mfano huo ulieleweka kila mahali tulipoujaribu. Mkulima mmoja aliongeza swali zuri: “Na ugonjwa? Vipandikizi vinabeba ugonjwa.” Ni kweli, na yeyote aliyeona mashamba ya Kivu yakiharibika kwa mozaiki ya muhogo anajua. Kwa hiyo tuliongeza sentensi: chukua programu kutoka kwenye tovuti yake yenyewe, libreoffice.org, au kutoka kwenye flashi ya ofisi yetu, si kwa mtu yeyote tu.

Unamwandikia nani?

Kipeperushi kinachotaka kusema na kila mtu hakisemi na mtu. Cha kwetu kinasema na sekretari wa kamati. Amesoma shule, anajua kuandika ripoti kwa kompyuta, ana haraka kwa sababu jenereta inawashwa kwa saa mbili tu, na anaogopa kupoteza mafaili yake. Mwenyekiti atakiona, ndiyo, na padri au mchungaji pia, lakini atakayehama kutoka programu moja kwenda nyingine ni huyo sekretari.

Tulimwuliza yeye, na wenzake wachache, wangetaka kujua nini. Maswali yao yalikuwa matatu. Mafaili yangu ya zamani yatafunguka? Nitalipa kiasi gani? Nikikwama nimwone nani? Hayo ndiyo tuliyoyaweka ndani. Mambo mengine tuliyokuwa tumeandika kwa bidii, ya leseni na falsafa ya programu huru, tuliyafuta karibu yote. Aliyeyaandika alinung'unika kidogo.

Juu ya swali la kwanza, usidanganye. LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, na inaweza kuhifadhi kwa muundo huohuo ikiwa mfadhili anaudai. Lakini jedwali lenye kanuni nyingi au fomu yenye vitufe vya pekee linaweza kuharibika, na mafaili ya wafadhili ndiyo yenye mambo hayo zaidi. Andika wazi: weka nakala ya faili la zamani mpaka uhakikishe. Pia usiahidi kwamba virusi vitakwisha. Programu ya ofisi haitibu virusi. Kinachopungua ni ile hatari ya kuchukua programu zilizofunguliwa kwa njia za wizi, ambazo mara nyingi hubeba virusi. Tukimwahidi sekretari mambo yasiyotokea, safari ijayo tukimletea karatasi ya upatanishi hatatuamini pia.

Kunja karatasi kabla ya kugusa kompyuta

Kipeperushi cha kawaida ni karatasi moja ya A4 iliyolazwa, ikakunjwa mara mbili, ikatoa kurasa ndogo sita. Chukua karatasi tupu. Ikunje. Andika kwa kalamu namba kwenye kila ukurasa mdogo kufuatana na jinsi msomaji atakavyofungua: jalada la mbele, kipande kinachokunjwa ndani, kurasa tatu za ndani, na mgongo. Kisha ifungue. Utashangaa kuona kwamba jalada la mbele liko upande wa kulia wa karatasi, mgongo uko katikati, na kile kipande cha kukunjwa ndani kiko kushoto. Asiyefanya hivyo atapanga kurasa kichwani mwake na atakosea. Tunasema hivyo kwa kuwa tulikosea.

Jambo la pili ni upana. A4 iliyolazwa ina milimita 297 kwa upana na 210 kwa kimo. Ukigawa kwa tatu unapata 99, lakini kipande kinachoingia ndani kikiwa sawa na vingine, karatasi inabana na kujikunja pembeni. Kipunguze kidogo: 97 kwake, 100 kwa kila kimoja cha vingine viwili. Upande wa nje, kuanzia kushoto, ni 97, 100, 100. Upande wa ndani, kuanzia kushoto, ni 100, 100, 97.

Sasa fungua Draw. Weka karatasi ya A4 iliyolazwa, yaani “Paysage” kwenye menyu ya Kifaransa, na utengeneze kurasa mbili: ya nje na ya ndani. Bonyeza kwenye rula ya pembeni, uvute mstari mwembamba wa kuongoza mpaka milimita 97, na mwingine mpaka 197, kwa ukurasa wa nje. Kwa ukurasa wa ndani weka 100 na 200. Mistari hii haitachapishwa. Inakuonyesha tu mikunjo iko wapi. Andika kila sehemu katika kisanduku chake cha maandishi, na uache milimita 7 au 8 kila upande wa mkunjo. Pembezoni mwa karatasi acha milimita 8 hadi 10, kwa kuwa mashine nyingi za ofisi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni.

Unaweza kutumia Writer yenye safu tatu badala ya Draw. Tulijaribu. Kila ukiongeza neno mahali pamoja, maneno ya sehemu nyingine yanasukumwa. Draw ina amani zaidi.

Na mtu akiuliza kwa nini usitumie programu ya kupangia vitabu: ipo, inaitwa Scribus, nayo ni huru. Kwa kazi itakayokwenda imprimeri ya rangi, Scribus ni bora, kwa sababu inatoa faili la PDF lenye rangi nne za wino kama imprimeri inavyotaka. Draw haifanyi hivyo. Imprimeri pia itakuomba uache picha zipite ukingo wa karatasi kwa milimita 3, ili wakikata pasibaki mstari mweupe. Lakini kwa kipeperushi cha fotokopi, Draw inatosha kabisa. Tena, kutangaza LibreOffice kwa karatasi iliyotengenezwa na LibreOffice ni ushahidi ambao hauhitaji maneno. Tumeandika hivyo mgongoni kwa herufi ndogo.

Herufi, na neno refu la Kiswahili

Tumia aina mbili za herufi, si zaidi. Sisi tulichukua Liberation Sans kwa vichwa na Liberation Serif kwa maandishi. Sababu si uzuri tu. Herufi za familia ya Liberation zilitengenezwa ziwe na upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New. Carlito inalingana na Calibri, na Caladea inalingana na Cambria, na zote zinakuja pamoja na LibreOffice. Faili lililoandikwa kwa Times New Roman likifunguliwa mahali pasipo na Times, Liberation Serif inaingia badala yake, na mistari inabaki pale ilipokuwa. Ule ukurasa wa tano wa mzee wetu ungeweza kutotokea.

Ukubwa uwe pointi 11, si chini. Wengi katika kamati zetu wamepita miaka hamsini na miwani ni shida kuipata. Wanasoma jioni kwa taa ya simu.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vya Kifaransa vya kupanga kurasa havitakuambia. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Neno kama “watakapokubaliana” linachukua zaidi ya theluthi ya mstari katika safu ya milimita 84. Ukiagiza kompyuta inyooshe maandishi pande zote mbili, itaacha mapengo makubwa kati ya maneno, na ukurasa utaonekana kama meno yaliyong'oka. Acha upande wa kulia bila kunyooshwa. Uso wa karatasi unatulia, na msomaji mgeni wa kusoma hapotezi mstari.

LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Isakinishe, itakusaidia kuona herufi zilizoruka. Lakini ni kamusi ya Kiswahili sanifu. Itakupigia mstari mwekundu chini ya maneno yetu mengi, na wewe ndiye utakayeamua. Tulibishana juu ya hili. Wengine walitaka Kiswahili cha vitabu peke yake, wengine walitaka kile cha sokoni Bukavu. Mwishowe tuliandika sanifu iliyo nyepesi, na pale ambapo watu wana neno lao tukaliweka pembeni yake: kompyuta au ordinateri, kuhifadhi au kuanregistre. Majina ya menyu tuliyaacha kwa Kifaransa, “Fichier”, “Enregistrer sous”, kwa sababu ndivyo msomaji atakavyoyaona kwenye kioo chake. Kumwambia abonyeze neno ambalo halipo mbele yake ni kumpoteza.

Picha na rangi

Kipeperushi chako kitatoka rangi mbili: nyeusi na nyeupe. Hata ukikichapisha kwa rangi mara ya kwanza, nakala ya pili itatoka kwenye fotokopi. Kwa hiyo kipange kwa weusi tangu mwanzo, na ukipitishe kwenye fotokopi mbaya kuliko zote unazozijua uone kinachobaki. Kijivu hafifu hupotea, kijivu kizito huwa giza tupu.

Katika toleo letu la pili tulitumia bluu kwa vichwa. Watu wakauliza kama ni karatasi ya Monusco. Ukibadilisha rangi unakuta kila moja ina mwenyewe: chama hiki, kampuni ile ya simu, kanisa lile. Nyeusi haina mwenyewe. Nembo ya LibreOffice ina kijani, ila inasomeka vizuri hata kwa nyeusi. The Document Foundation ina kanuni zake za matumizi ya nembo hiyo: soma kwenye tovuti yao, usiinyooshe wala kuibadilisha umbo, na usiandike kwa namna inayomfanya msomaji afikiri kwamba kamati yako ndiyo taasisi yenyewe.

Picha ikitumika, iwe na vitone 300 kwa kila inchi. Picha ya upana wa milimita 80 inahitaji vitone karibu 945 kwa upana. Simu ya kawaida inatoa zaidi ya hapo, lakini ukiituma kwa WhatsApp inabanwa. Ichukue kwa waya au kwa flashi.

Sisi tuliziondoa picha za watu zote. Tulikuwa na picha nzuri ya wajumbe wa kamati wamekaa mbele ya kompyuta, wa jamii tatu tofauti, wakicheka. Ilikuwa picha iliyoonyesha kazi yetu kuliko maneno yoyote. Lakini karatasi inatembea. Inakaa mfukoni kwenye kizuizi cha barabara, inasomwa na mtu mwenye bunduki ambaye anataka kujua hawa ni akina nani na kwa nini wamekaa pamoja. Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, ofisi na maghala ya mashirika mengi yaliporwa, na karatasi zilizokuwa humo zilikwenda tusikojua. Kipeperushi cha programu ya kompyuta hakipaswi kumtia mtu hatarini. Usiweke jina la mjumbe, usiweke sura yake, usiweke namba ya simu ya mtu binafsi. Weka namba ya ofisi tu, na usitaje mikutano.

Badala ya picha za watu tuliweka mchoro mmoja: karatasi mbili zinazofanana, kila moja kwenye kompyuta yake, na mto katikati. Katika kamati zilizohusika waliuelewa bila kuelezwa.

Kurasa za ndani zinasema nini

Ukurasa wa kwanza wa ndani unajibu maswali matatu ya sekretari. Wa pili unaonyesha namna ya kuweka programu, hatua tano fupi. Wa tatu ndio tunaoupenda, na ndio uliosumbua zaidi: “Karatasi ya mapatano ihifadhiweje?”

Tumeandika hivi. Wakati mnaendelea kujadiliana, hifadhini kwa muundo wa ODT, ambao ni muundo wazi uliokubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Washeni kifaa cha kufuatilia mabadiliko, ili kila upande uone nani aliongeza neno gani na nani alilifuta. Mkishakubaliana, toeni faili la PDF, na hilo ndilo litakalochapishwa na kutiwa mkono. PDF yenye herufi zake ndani inatoka sawasawa kwenye kompyuta yoyote. Ikiwa mnahofia kupoteza faili la kuandikia, LibreOffice inaweza kuliweka ndani ya PDF hiyohiyo: wakati wa kutoa PDF tia alama mahali panapotaja faili la ODF. Andikeni idadi ya kurasa chini ya kila ukurasa, “1 kati ya 4”, na kila upande utie herufi za jina kwenye kila ukurasa.

Ushuhuda wa watu, orodha za waliodhulumiwa, majina ya mashahidi: hayo yafungwe kwa neno la siri wakati wa kuhifadhi. LibreOffice inayafunga kwa nguvu ya kweli. Neno la siri likisahauliwa, hakuna fundi wa mtaani atakayelifungua faili hilo, kwa hiyo watu wawili walijue.

Wengi walioondoka mwaka 2025 waliondoka na flashi mfukoni. Aliyefika Bujumbura au Kigoma na faili la ODT aliweza kulifungua kwenye kompyuta yoyote ambamo LibreOffice imewekwa, bila kuomba leseni kwa mtu.

Kuchapisha

Upande wa pili ndio mtego. Karatasi ni lazima igeuzwe kwa ukingo mfupi, kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, upande wa ndani unatoka miguu juu. Tulipeleka kazi kwenye duka la fotokopi jioni, jenereta ikinguruma, mteja mwingine akisubiri, nasi hatukutazama. Nakala 200 zilitoka hivyo. Tulizitumia upande mmoja kwa kuandikia mahesabu. Tangu hapo tunasema: toa nakala moja, ikunje, isome yote mbele ya mwenye mashine, ndipo useme endelea. Kisha toa 20 tu, wape watu 20, ngoja wiki moja. Katika zile 20 za kwanza, watu wanne walituonyesha kosa lilelile katika hatua ya tatu ya kuweka programu, ambalo sisi tuliokisoma mara kumi hatukuliona.

Mgongoni andika mwezi na mwaka wa toleo, kwa maana programu hubadilika. Mfano ulio karibu: LibreOffice 25.8 ya mwaka 2025 haikubali tena Windows 7 wala 8. Kompyuta zetu nyingi bado ni za namna hiyo, nazo zinahitaji toleo la 25.2 au la zamani zaidi. Nayo Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine za zamani, wengine wanahamia Linux kabisa, na LibreOffice inafanya kazi huko vilevile, lakini hiyo ni habari ya kipeperushi kingine.

Faili la kupakua lina zaidi ya megabaiti 300, mzigo mkubwa kwa intaneti ya simu. Ndiyo sababu hatuandiki tu anwani ya tovuti. Kila msimamizi wa eneo ana flashi yenye toleo jipya, toleo la 25.2 kwa kompyuta za zamani, kamusi ya Kiswahili, na kipeperushi chenyewe kwa ODG na PDF. Anayetaka kukibadilisha kwa lugha ya kwake anaruhusiwa: Kimashi, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kihavu, Kinande, yoyote. Tunaomba tu nakala moja irudi kwetu. Aje na flashi yenye nafasi ya gigabaiti moja, siku za Jumanne na Alhamisi, kabla jenereta haijazimwa saa kumi.